Siku Niliyokalia Chakula cha Mwethya

Kule kwetu, kwenye miteremko inayotazama mji wa Machakos, moshi wa jikoni ulikuwa salamu. Mtu akipita njiani asubuhi hutazama mapaa kwanza. Moshi ukichungulia chini ya mabati, anajua mko hai na mnapika, anaendelea na safari yake. Usipoonekana hadi jua likawa kali, ataacha njia aje aulize kama kuna mgonjwa, na mara nyingi hatakuja mikono mitupu. Atakuja na kigogo cha kuni kwapani, au kaa la moto juu ya kigae. Ni desturi nzuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu ninayoyasimulia hapa ni ugomvi wangu na desturi hiyo, na sitaki mtu adhani niliidharau.

Mama alikuwa amepika kwa kuni tangu utotoni, na moshi ulikuwa umemwingia mpaka ndani. Alikohoa akiinama, akakohoa akicheka, na akipanda kutoka mtoni alisimama njiani akijifanya anatazama mahindi ya watu. Daktari wa zahanati alimsikiliza kifua, akamwambia, "Mama, kaa mbali na moshi." Mama akamshukuru kwa adabu. Tulipofika nje akaniambia, "Angeniambia pia nikae mbali na jua."

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu. Nilisomea fizikia na ualimu, na mwaka nilipomaliza serikali ilikuwa imeacha kuajiri walimu. Nikarudi nyumbani na sanduku la bati, godoro la sponji nililolilalia tangu bweni la sekondari, na tabia ya kuwaza. Tabia hiyo sikuipata chuoni, nilizaliwa nayo. Nikitumwa dukani nilikuwa nafikiria kwanza duka likiwa limefungwa nitasema nini, na likiwa wazi nitamsalimu vipi mwenye duka, na akinijibu vibaya nitafanyaje. Kukosa kazi kuliipa tabia hiyo nafasi ya kutosha. Nikawa nawaza kila kitu kilichokuwa mbele yangu, na kilichokuwa mbele yangu kila siku ni chai na uji.

Uji hudanganya. Ukiutazama kikombeni umetulia, juu umefanya utando, unaona umepoa. Ukipiga funda, ulimi unalia. Chai haina hila hiyo. Chai ni nyepesi: iliyopoa juu inashuka, ya moto iliyo chini inapanda, zinazungukana bila kupumzika mpaka kikombe kizima kinapoa pamoja. Uji mzito hauwezi kuzunguka. Kila tone limekaa mahali pake limekumbatia joto lake. Nilimweleza mama haya yote asubuhi moja huku uji wangu ukigeuka jiwe. Akasema, "Kumbe hicho ndicho mlichokuwa mnasomea?" Nikasema ndiyo, ndicho. Akasema, "Basi kunywa."

Mvua kubwa ya El Nino ilikuwa imepita. Watu wa mjini waliihesabu kwa madaraja. Sisi tuliihesabu kwa matuta. Shamba la Mkamba wa milimani bila matuta ni udongo unaosubiri kuhamia kwa jirani, na mvua ile ilikuwa imebomoa matuta ambayo babu zetu walichimba. Ndipo mwethya ukafufuliwa. Mwethya ni kundi la kazi: leo sote tunachimba kwako, siku nyingine sote kwangu, mpaka mlima mzima umemalizika. Unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, ndiyo maana matuta yenyewe yanaitwa fanya juu. Hakuna malipo. Malipo ni kwamba mwenye shamba anawapikia wachimbaji muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa kinuni mpaka yakatoka maganda, yakachanganywa na maharagwe. Muthokoi unakaa juu ya moto nusu ya siku, na mwenye boma anakaa nao.

Kabla ya zamu yetu kufika, walikuja wageni wawili: mwenyekiti wa mwethya, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, na shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Walikunywa chai, wakasifu kuku, wakazungumza juu ya mvua. Nilijua kuna jambo. Watu hawasifu kuku wetu bure.

"Sasa mama," mwenyekiti akasema, "sisi tumeona umechoka. Siku yako tutakuja kuchimba kama kawaida, usiwe na wasiwasi. Lakini kupika, tutapika kwa shangazi wa watoto."

"Nani amesema nimechoka?" mama akauliza.

"Kifua chako kimesema."

"Kifua changu hakina kiti kwenye mwethya."

Shangazi akacheka, lakini alicheka peke yake. Akasema kwa upole, "Wifi yangu, si vibaya. Ni kukupumzisha tu."

Neno hilo, kupumzisha, tulilijua. Kulikuwa na jirani yetu mmoja, mjane mzee. Walianza kwa kumpumzisha kupika. Halafu wakampumzisha kuchimba, akawa wa kubeba nyasi za kupanda juu ya matuta. Halafu siku moja watu wakapita mbele ya lango lake na majembe mabegani, na yeye ndiyo mara ya kwanza anasikia kwamba leo kuna kazi. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemkosea hata kwa neno. Alipumzishwa tu mpaka akaisha. Mama alimwona kila Jumapili akiwa ameketi benchi la nyuma, watu wakimsalimu kwa kuinama kana kwamba wanaongea na mtoto.

"Nitapika," mama akasema.

Kikohozi kikamshika palepale. Tulisubiri kipite. Mwenyekiti alitazama chini, na katika kutazama chini kule niliona kwamba jambo limeshaamuliwa. Nilikuwa nimewaza majibu mengi, yote mazuri, yote marefu. Lililotoka ni fupi.

"Tutapika," nikasema.

"Wewe na nani?" shangazi akauliza.

"Mimi na mama. Nitapika mimi."

Shangazi akaweka kikombe chini ili acheke vizuri. "Aiee! Mwanamume, digrii kichwani, mwiko mkononi. Na nani atakuoa?"

"Sina haraka ya kuolewa, shangazi."

"Naona. Utaiva kabla ya huo muthokoi."

Walipoondoka, mama alikusanya vikombe. Hakuniambia asante. Aliniambia, "Umesema mbele ya mwenyekiti. Sasa hakuna kurudi."

Ndipo nilipoanza kuwaza kweli. Ningeweza kupika mwenyewe kwa njia ya kawaida, lakini nilimjua mama. Moto ukiwaka mahali popote pale bomani, yeye atauendea. Atasogeza kuni hii, atapuliza ile, atachuchumaa "kidogo tu", na jioni atakuwa anapumua kwa sauti. Kumtoa jikoni huku moto unawaka lilikuwa jambo lisilowezekana. Ilibidi moto wenyewe usiwepo. Na bila moto, muthokoi?

Nilikuwa nachambua maharagwe chini ya ukingo wa paa mchana ule, na nikaanza kujiuliza swali ambalo shuleni nilifaulu bila kulielewa. Moto unafanya nini hasa? Unachemsha. Maji yakishachemka, hayapandi joto tena. Weka kuni za msitu mzima, maji yanayotokota yanabaki pale pale, yanageuka mvuke tu na kwenda zake. Kwa hiyo zile kuni zote za baada ya kuchemka, ule moshi wote alioumeza mama miaka hiyo yote, kazi yake ilikuwa moja tu: kurudisha joto linalotoroka. Linatoroka na mvuke. Linapita kwenye bati la sufuria na kutokea nje, kwa sababu bati halizuii kitu. Ndiyo maana kijiko cha chuma kinakuunguza na mwiko wa mti haukuunguzi, ingawa vyote viwili vimetoka kwenye mboga moja. Linachukuliwa na upepo. Anayeivisha mahindi ni joto, si moto. Nikiweza kulifungia njia, moto uende ukalale.

Nilisimama na maharagwe yakamwagika. Niliyaokota yote huku nikiogopa kwamba nimekosea mahali.

Nilimwomba mama lile tenga kubwa la kubebea mahindi wakati wa mavuno. Akanipa bila kuuliza. Nikaleta nyasi kavu, hakuuliza. Nilipolitoa godoro langu na kisu, akauliza.

"Godoro zima?"

"Nitalala juu ya kamba za kitanda."

"Mtu wa chuo kikuu!"

"Godoro halina digrii, mwaitu," nikasema, nikimwita mama kwa Kikamba chetu.

Nikalikata. Nikatandika nyasi chini ya tenga, nikazungushia sponji, nikaacha shimo katikati la kutoshea sufuria, na juu nikashona mto mnene wa kufunikia. Mama alipapasa ndani kwa mkono wake. "Halina joto," akasema.

"Halihitaji kuwa na joto. Linazuia tu."

"Blanketi inaleta joto."

"Haileti. Wewe ndiye una joto, blanketi inakataa lisiende."

Hakuamini. Jumamosi nikashuka mjini, nikanunua soda baridi, nikaizungushia sweta langu zito nikapanda nayo mlima chini ya jua. Mama alipoifunua chupa bado ilikuwa inatoa jasho la baridi. Aliishika shavuni. "Kwa hiyo hili sweta halijui kama linalinda moto au baridi."

"Halijui."

"Kama askari wa geti. Analinda tu, hata hajui ndani kuna nini." Akanywa soda yote akitazama lile tenga kwa jicho jipya.

Tulijaribu kwa sufuria ndogo. Mara ya kwanza maharagwe yalitoka kama kokoto. Kuku wakala, na mimi nikawaza mpaka nikaumwa kichwa. Sufuria ilikuwa imejaa nusu tu, na ile nusu ya hewa ilikula joto letu bure. Mara nyingine tukaloweka nafaka kutoka jana yake, tukajaza sufuria mpaka shingoni, tukaziba mfuniko kwa ukingo wa unga uliokandwa. Tukafunika, tukaondoka. Tulipofungua, maharagwe yalipasuka kwa kugusa. Mama alitafuna mahindi kwa muda mrefu, macho juu. "Yanalika," akasema. Kwa mama yangu hiyo ni sifa kubwa.

Siku yenyewe niliamka kukiwa bado na ukungu bondeni. Nilikuwa nimeazima sufuria kubwa ya kanisa, na shimo la tenga nimelipanua liitoshe. Moto niliuwasha nyuma ya ghala, mahali ambapo upepo wa asubuhi huteremsha moshi upande wa mto, mbali na nyumba, na mama nilimpa kazi ya kunoa majembe ili asinifuate. Muthokoi ulichemka ukatokota vya kutosha. Jirani mmoja akanisaidia kuubeba, tukautumbukiza kwenye tenga ndani ya jiko letu, nikaziba mfuniko, nikafunika mto juu, na juu ya mto blanketi. Nikazima moto nyuma ya ghala kwa udongo. Wachimbaji walipoanza kuingia langoni, hapakuwa na moshi popote.

Waliona. Kila mmoja aliinua macho kwenye paa letu, halafu akanitazama mimi, halafu akasalimu kwa sauti ya chini kidogo kuliko kawaida. Wanawake wawili walirudi nyuma bila kusema, na baada ya muda wakaonekana tena wakiwa na kuni. Waliziegemeza ukutani mwa jiko taratibu, kama mtu anayeweka mchango wa matanga.

Mama alikuwa tayari na jembe. Hilo nalo watu walilitazama. Mwenye boma huwa hachimbi siku yake, hukaa jikoni. Yeye alishuka shambani na wengine, na haikuchukua muda nikasikia sauti yake ikianzisha wimbo wa kuchimba. Aliimba mstari, akakohoa, wengine wakajaza pengo, akaendelea. Nilikuwa nimesahau kwamba mama huimba.

Nilienda kisimani kuteka maji ya kunywa. Sikukawia. Niliporudi, mlango wa jiko ulikuwa wazi. Blanketi iko chini, mto uko chini, mfuniko uko mkononi mwa shangazi, na mvuke unapanda mpaka kwenye mabati. Shangazi alikuwa anakoroga.

Ni lazima nieleze kwamba hakuwa na nia mbaya. Kwetu mwanamke hawezi kuingia jiko la mwenzake akakaa tu kama picha. Anafunua sufuria, anaangalia, anageuza mara moja, anasukuma kuni ndani. Ndiyo kusema, niko pamoja nawe. Kutofunua ndiyo dharau. Hivyo ndivyo anavyosaidia mtu aliyelelewa vizuri.

"Nimekuongezea maji," akasema. "Yalikuwa yanataka kukauka."

"Maji gani?"

"Maji. Bakuli moja tu, ya mtungi."

Maji baridi. Nilihisi kama nimemwagiwa mimi. Nilimnyang'anya mfuniko, na kumnyang'anya shangazi kitu mkononi si jambo dogo, nikafunika, nikaubana tena ule ukingo wa unga, nikarudisha mto na blanketi. "Tafadhali shangazi, usifungue tena."

"Kwani kuna mtu anaoga humo?"

Nilitoka nje nikachuchumaa, nikaandika mavumbini kwa kijiti. Bakuli moja la maji baridi ndani ya sufuria ya kulisha kanisa. Mvuke uliotoka. Nikagawanya, nikajumlisha, nikafuta, nikarudia kwa sababu sikuamini. Hasara ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo. Joto la sufuria kubwa ni kama ng'ombe: ukimchoma mwiba hachinjiki. Ila kama ataifungua tena, na mwingine baada yake, na kila mmoja na bakuli lake, basi.

Nikawaza pia njia ya kukata tamaa: kuutoa muthokoi na kuurudisha motoni. Lakini upepo ulikuwa umeshageuka, sasa ulikuwa unapanda mlima. Nikiwasha, moshi utalifunika boma lote, mama atauona, ataacha wimbo, ataacha jembe, atapanda kuja kuchuchumaa mahali walipokwisha kusema hawezi. Na wote watashuhudia akikohoa juu ya sufuria. Hapo atapumzishwa rasmi.

Na jambo lililonitesa kuliko yote ni kwamba sikuweza kuhakikisha. Mtu mwenye wasiwasi anataka kuchungulia. Lakini kuchungulia ndiko kuharibu. Hesabu ilinitaka mimi, kati ya watu wote, nikae bila kujua.

Niliposimama, shangazi alikuwa anapanga zile kuni za wageni kwenye mafiga. Alikuwa na kiberiti.

"Ondoa hicho kitenga chako," akasema. "Niweke sufuria mahali pa sufuria. Watu watarudi na njaa."

Nilipita mbele yake, nikakaa juu ya tenga.

Shangazi alisimama wima. "Umekalia chakula?"

"Nimekalia mto."

"Umekalia chakula cha watu!"

"Chakula kiko chini ya blanketi, na chini ya mto, na chini ya mfuniko. Matako yangu hayajakiona."

Wanawake waliokuwa wamekuja kunywa maji walijaa mlangoni. Mmoja akauliza kama chakula kinaumwa, mbona kimelazwa na blanketi. Mwingine akasema hapana, ni mayai, mwalimu ameatamia, tutakula vifaranga. Walicheka wakashikana mabega. Mimi jasho lilinitiririka mgongoni. Mtu anayewaza salamu za mwenye duka, fikiria alivyojisikia. Lakini kulikuwa na jambo geni: kwa mara ya kwanza tangu nirudi nyumbani nilikuwa na hakika ya kitu. Si kwamba chakula kitaiva. Hakika kwamba siondoki.

"Ondoka kwa chakula," shangazi akasema.

"Siondoki, shangazi."

"Nitamwita mama yako."

"Mwite."

Alitoka mpaka ukingo wa boma, akapiga kelele kuelekea shambani. "Wifi! Kijana wako amekalia muthokoi!"

Wimbo ukakatika. Halafu sauti ya mama ikapanda kutoka mtaroni, imechoka lakini nzima.

"Amekalia kweli?"

"Kweli kabisa!"

"Basi mwacheni akae! Huo muthokoi usije ukatoroka!"

Shamba zima likacheka. Niliwasikia hata wanaume wa upande wa mbali. Wimbo ukarudi kwa nguvu zaidi, na shangazi akarudi jikoni, akaketi kwenye kigoda mkabala nami, kiberiti mapajani. Tulitazamana hivyo hadi mchana, yeye akisubiri nichoke, mimi nikihisi, au nikijidanganya kuhisi, joto kidogo likipenya chini yangu. Nilitamani lisipenye. Likinifikia mimi, maana yake linatoroka.

Wachimbaji walipopanda kuja kula, mwenyekiti mwenyewe aliingia jikoni. Niliinuka, miguu imekufa ganzi. Alitoa blanketi, akatoa mto, akabandua unga, akashika mfuniko kwa mkono mtupu kwa sababu hakuona moto wa kumwonya. Akauachia kwa kelele, akapuliza vidole. "Uko moto!" akasema, akinitazama mimi kana kwamba nimemfichia nyoka humo.

Akachota, akaonja. Watu wote walikuwa wanatazama taya lake.

"Maharagwe yameiva," akasema. Akatafuna tena. "Mahindi… mahindi yanataka mtu mwenye meno."

"Nilisema," shangazi akasema.

Mzee mmoja akauliza kutoka nyuma, "Na sisi tulioachwa na meno?"

"Wewe utakula maharagwe," mwenyekiti akamjibu.

Shangazi alikuwa ameshashika sahani, akaiweka chini. "Tuwashe moto kidogo tu, tumalizie. Hapa si pa kung'ang'ana."

Ndipo mama akaingia. Miguu ilikuwa na udongo mwekundu hadi magotini. Alichukua sahani ile ile ya shangazi, akajipakulia, akala amesimama. Alikula bila haraka. Kila mtu alisikia mahindi yakisagika. Alipomaliza kijiko cha tatu au cha nne, akasema, "Mimi nimechimba tangu asubuhi kwenye shamba langu mwenyewe. Sijawahi. Zamu zote nilizopika, sijawahi kuona mtaro wangu ukichimbwa, nilikuwa natazama moshi. Huu ndio muthokoi wangu. Zamu nyingine nitapika hivi hivi, na utakuwa laini zaidi kama watu wataacha kuufunua. Asiyeutaka, njia anaijua."

Hakukohoa. Nadhani alikuwa amekizuia kwa nguvu, kwa sababu baadaye kilimtoka chote kwa pamoja nyuma ya nyumba.

Mwenyekiti akajipakulia sahani iliyojaa. Wengine wakafuata. Watu wenye njaa ya kuchimba hawajadili sana, wakakaa kwenye nyasi wakatafuna, na kile kimya cha watafunaji ndicho kilichonijibu zaidi ya maneno. Shangazi alikula wa mwisho. Alisema hauna chumvi. Ulikuwa na chumvi.

Sitadai kwamba kifua cha mama kilipona. Moshi wa miaka hautoki kwa tenga moja. Wala sitadai kwamba watu wote walishona matenga. Wengi walisema ni upuuzi wa kijana asiye na kazi, na wengine wanasema hivyo hadi leo. Waseme. Nilikuwa sina kazi, ni kweli, na nilikuwa na fizikia, hiyo pia ni kweli, na sioni kwa nini kweli ya kwanza iniibie ya pili.

Walipomaliza kula, mwenyekiti alisimama kugawa kazi ya boma litakalofuata, upande wa pili wa bonde. Anagawa vipande kwa sauti, kila mtu na chake. Wazee na wagonjwa hupewa nyasi, na wenye nguvu hupewa ardhi ngumu. Alitaja huyu, akataja yule. Nilisubiri nimemkazia macho. Akamfikia mama, akautazama ule udongo miguuni mwake.

"Wewe," akasema, "chukua kipande cha mawe."

"Cha mawe?" mama akaruka. "Kwa nini mimi? Mwaka ule mwingine ni nani alipewa cha mawe? Si mimi? Hapa hakuna watu wengine wenye mikono?"

"Cha mawe, nimesema."

Mama alilalamika akiosha jembe. Alilalamika akiwasindikiza wageni mpaka langoni, na nikamsikia akiteremka nao njiani, bado anabishana na mwenyekiti juu ya yale mawe, sauti yake ikiwa juu kuliko za wote.